Mmefuata nini Amani?

Leo napenda tuzungumzie jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya, lakini ni wachache tunaokaa chini na kulifikiri. Jambo lenyewe ni safari. Mimi ni mwalimu wa somo la dini katika shule ya sekondari hapa Tanga, na mara nyingi nimewafundisha wanafunzi adabu za safari: dua ya kupanda chombo, kupunguza swala, na kumchagua kiongozi wa msafara. Lakini siku nilipoulizwa swali la kwanza kabisa ambalo msafiri anapaswa kujiuliza, nilikosa jibu mbele ya wanafunzi wangu.

Ilikuwa hivi. Tuliandaa ziara ya wanafunzi 36 wa kidato cha tatu kwenda Amani. Watu wengi wakisikia Usambara huifikiria Lushoto peke yake. Lushoto iko Usambara Magharibi. Amani iko Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, na kati ya safu hizo mbili kuna bonde la mto Lwengera. Tulipowaita wazazi kuwaeleza juu ya mchango wa nauli na chakula, baba mmoja akasimama akasema: "Mwalimu, nitoe pesa mtoto wangu aende kutazama miti? Miembe ya hapa Ngamiani haimtoshi?" Wazazi wakacheka. Nami nikacheka, nikasema maneno mawili matatu kuhusu elimu, mambo yakaisha. Yule baba alitoa mchango wake mwishoni, lakini kwa shingo upande.

Tuliondoka alfajiri baada ya swala, tukiwa na walimu wanne, wawili wao wa kike, na mama mmoja aliyejitolea kuwaangalia mabinti. Tukapita mashamba ya mkonge, tukafika Muheza penye machungwa yake, kisha tukaiacha lami na kuanza kupanda. Ni zaidi ya kilomita 30 za vumbi na kona, joto likipungua kila unapopanda. Tukapita Sigi, ambako nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni ya reli ya Wajerumani imefanywa kituo cha kupokelea wageni. Kufika juu, kiasi cha mita 900 kutoka usawa wa bahari, wanafunzi wakashuka wakakimbilia jambo moja tu: kupiga picha. Kwenye mti mkubwa, picha. Kwenye majani ya chai, picha.

Kando ya njia alikuwa ameketi mzee mmoja, mbele yake kuna mafungu ya iliki na ndizi. Tukamsalimu, akaitikia vizuri, kisha akauliza: "Mmefuata nini, wajukuu zangu?"

"Tumekuja kutembea, babu," akajibu kijana mmoja.

"Kutembea nawaona mnatembea. Mmefuata nini?"

Wanafunzi wakanitazama mimi. Nikasema, "Mzee wangu, tumekuja kujifunza." Akaniuliza kwa upole kabisa, "Kujifunza nini, mwalimu?"

Ndugu msomaji, nilinyamaza. Ukweli ambao sikuweza kuusema pale ni kwamba nilichagua Amani kwa sababu shule nyingine ya jirani ilikwenda mwaka uliotangulia, ikabandika picha zake ukutani, nami sikutaka shule yetu ionekane imebaki nyuma. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu. Na mimi ndiye ninayewafundisha watoto hadithi ya nia!

SAFARI HUANZIA MOYONI

Kila Muislamu anaifahamu hadithi ile iliyopokewa na Sayyidna Umar bin Khattab (r.a), inayotufundisha kwamba amali huangaliwa kwa nia zake na kila mtu atapata kile alichokinuia. Lakini tunasahau kwamba mfano uliotolewa ndani ya hadithi hiyo ni mfano wa safari. Mtume (s.a.w) anataja hijra. Watu wawili wanapita njia moja, wanakunywa kisima kimoja, wanafika mji mmoja. Mmoja amehama kwa ajili ya Allah na Mtume wake, mwingine amehama kwa ajili ya dunia anayotaka kuipata au mwanamke anayetaka kumuoa. Vumbi la miguuni mwao ni moja, lakini safari zao ni mbili tofauti.

Kwa hiyo swali la yule mzee, umefuata nini, ndilo swali la hadithi. Tuliporudi nililitafakari kwa siku nyingi, nikaanza kusoma habari za Amani na za milima ile. Nikagundua kwamba mahali pale padogo pamepitiwa na takriban kila aina ya msafiri. Tukiyaangalia yaliyowavuta watu Usambara, tutakuwa tumeyaangalia yanayomvuta mwanadamu popote. Mimi nimeyaona matano.

KWANZA: RIZIKI

Sababu ya kwanza na iliyo kubwa kuliko zote ni kutafuta riziki. Qur'an katika Surat Quraish inawakumbusha Makuraishi neema ya misafara yao miwili, ya kusi na ya kaskazi kwa lugha yetu sisi watu wa pwani, yaani wa majira ya baridi na wa majira ya joto. Na katika Surat Muzzammil, wanaosafiri katika ardhi kutafuta fadhila za Allah wametajwa sambamba na wanaopigana katika njia yake. Hivyo basi, anayepanda basi kwenda kutafuta cha kuwalisha wanawe asidhani kwamba safari yake haina uzito mbele ya Mola wake.

Chukua mfano wa mkonge tulioupita njiani. Mkonge wenyewe ni mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, mingi ikafa, na iliyopona ikapandwa ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache yakatokea mashamba ya Tanga na kwingineko, hata Tanganyika ikaja kuongoza duniani kwa kuzalisha mkonge.

Mashamba hayo yalihitaji mikono, na mikono ikatoka mbali: Songea, Iringa, Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Watu hao waliitwa manamba, kwa sababu mtu alipewa namba na kwa namba hiyo akahesabiwa. Wengine wakapanda milimani kwenye kahawa, na baadaye chai. Ni wachache miongoni mwao waliovutwa na uzuri wa Tanga. Serikali ya kikoloni ilidai kodi ya fedha taslimu, na kule kwao fedha hiyo haikuwepo. Yule mzee wa iliki alituambia: "Baba yangu alitoka Ubena. Alifuata kodi." Maneno mawili, lakini ndani yake mna historia ya nusu ya watu wa mkoa wetu.

Leo hali haijabadilika sana. Kijana anatoka Bumbuli au Maramba kwenda Kariakoo kuuza nguo mkononi. Binti anatoka Tanga kwenda Oman au Dubai kufanya kazi za ndani. Tukiwauliza wamefuata nini, wana jibu, na jibu lao ni la halali. Linalotakiwa ni kwamba sisi tuliobaki tujue wanachopitia huko, maana aliyeondoka kwa haja hana nguvu ya kuchagua anavyotendewa. Ndiyo maana Uislamu ukampa msafiri aliyekwama njiani fungu lake katika zaka. Ibn Sabil, mwana wa njia, ametajwa katika Surat Tawba miongoni mwa makundi manane yanayostahiki. Hata aliyekuwa tajiri kwao, akiishiwa njiani, ana haki.

PILI: ELIMU

Sababu ya pili ni kutafuta elimu. Hapa sisi Waislamu tuna urithi mkubwa kuliko tunavyojua. Sahaba Jabir bin Abdillah (r.a) alinunua ngamia, akasafiri mwezi mzima kutoka Madina hadi Sham kwa Abdallah bin Unais (r.a), kwa ajili ya hadithi moja aliyosikia kwamba anayo. Hadithi moja! Aliifahamu haja yake kabla ya kufunga mzigo. Na Nabii Musa (a.s), pamoja na cheo chake cha utume, katika Surat al-Kahf tunamuona akisafiri hadi achoke, akimtafuta mja ambaye Allah amempa elimu asiyokuwa nayo yeye.

Sasa rudi Amani. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua pale taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo. Waliipanda milima ile mimea kutoka nchi nyingine: kahawa, mpira, mdalasini, mkwinini na miti ya mbao ya kila aina, ili wajue upi utastawi katika koloni lao. Tusijidanganye kwamba waliifanya kazi hiyo kwa kutupenda sisi. Elimu ile ilikuwa na mwenyewe, na faida yake ilikusudiwa kuvuka bahari. Lakini ilipokuja Vita Kuu ya Kwanza na Waingereza wakaufunga mwambao kwa manowari zao, Wajerumani waliokwama humu nchini walipata kwinini kutoka Amani, wakajitibu malaria. Safari ya mti wa Amerika ya Kusini ilikuwa imefika mahali ambapo hakuna aliyeitarajia.

Waingereza walipoichukua nchi wakaendeleza utafiti wa kilimo pale, na mwanzoni mwa miaka ya 1950, baada ya kituo hicho kuhamishiwa Kenya, majengo yakachukuliwa na watafiti wa malaria wa Afrika Mashariki. Baada ya mwaka 1979 kazi hiyo ikaingia chini ya taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ambayo kituo chake kikubwa upande huo sasa kiko Muheza. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu wamekuwa wakipanda mlima ule wakiwa na swali mkononi.

Miongoni mwao nampenda zaidi mmoja aitwaye Reginald Moreau. Huyu hakuwa mwanasayansi aliyesomea. Alikuwa karani wa hesabu za jeshi la Uingereza mjini Cairo, tena mgonjwa wa viungo, na huko alikuwa akiwatazama ndege. Alifika Amani mwaka 1928 kwa kazi ya ofisini, akakaa hadi mwaka 1946. Muda wote huo, akisaidiwa na mkewe na wenyeji aliowafundisha, aliandika habari za ndege: wanataga lini, wanaatamia siku ngapi, wanakwenda wapi. Yuko ndege mdogo wa misitu ile ambaye kwa jina la kisayansi anaitwa kwa jina lake mpaka leo. Na kitabu chake kikubwa, kilichochapishwa mwaka 1972 baada ya kufa kwake, kinahusu nini? Kinahusu safari! Ndege wanaotoka Ulaya na Asia kila mwaka, wakavuka jangwa la Sahara, wakaja kwetu kukimbia baridi na njaa, kisha wakarudi.

Tunawaona mbayuwayu kwenye nyaya za umeme kila mwaka. Sisi tunaosoma Surat al-Mulk, tunaoambiwa tuwatazame ndege juu yetu wakikunjua na kukunja mbawa zao, ni wangapi tumewahi kuuliza wametoka wapi?

TATU: AFYA NA USALAMA

Sababu ya tatu ni kukimbia: mtu anaikimbia homa, au joto, au dhulma. Wajerumani waliijenga Lushoto, wakaiita Wilhelmstal, kwa sababu joto la pwani na homa zake viliwaelemea. Wakubwa wa serikali walipanda huko kupumua. Hadi leo watu wa Dar es Salaam wakichoka na jasho hupanda Lushoto kulala na blanketi mbili. Hilo si kosa, mwili una haki yake juu ya mwenye mwili.

Lakini wapo wanaokimbia makubwa zaidi. Alipofariki Kimweri ya Nyumbai, mtawala wa Usambara, mwaka 1862, vita vikazuka ndani ya ukoo wa Wakilindi, na vita hivyo vikachanganyika na biashara ya watumwa. Watu wa milima ile na wa Bonde wakayahama makwao wakitafuta pa kujificha. Safari ya namna hiyo haina picha wala zawadi za kurudi nazo. Waislamu wa mwanzo waliijua safari hii walipotoka Makka kwenda Habasha, miaka kadhaa kabla ya hijra ya Madina, wakapokelewa na mfalme Mkristo aliyekuwa muadilifu. Kwa hiyo Muislamu anayemuona mkimbizi mlangoni pake akamwona ni mzigo, amesahau habari za Masahaba wa Mtume wake.

NNE: SHAUKU YA KUONA

Sababu ya nne ni ile ambayo yule baba wa Ngamiani aliitilia shaka: kwenda kutazama tu. Je, kutazama miti ni sababu ya kutosha kumtoa mtu kwake?

Jibu liko ndani ya Qur'an, katika Surat al-Ankabut, ambamo tunaamrishwa tutembee katika ardhi tuangalie namna Allah alivyoanzisha uumbaji. Amri hiyo ina vitu viwili: kutembea na kuangalia. Sisi wengi tumekichukua cha kwanza tukakiacha cha pili. Tumetembea mpaka Guangzhou na Dubai, lakini tumeangalia bei tu.

Ibn Battuta aliondoka Tanja, Morocco, mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, nia yake ni kuhiji. Hija ikaisha, lakini shauku haikuisha. Mwaka 1331 alifika kwetu pwani, akapita Mombasa, akafika Kilwa, akaeleza misikiti ya mbao na ukarimu wa sultani wake. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu Kilwa ya zama zile tunayajua kwa sababu mtu mmoja alikuja akaangalia, kisha akasimulia yakaandikwa. Hakuja kuuza wala kununua.

Nitatoa mfano mwingine, na huu uliniuma. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la rangi ya zambarau likiota kwenye miamba yenye kivuli katika nchi hii ya Tanga na Usambara. Akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa jina la ukoo ule. Kutoka hapo ua hilo likasafiri dunia nzima. Leo liko kwenye vyungu madirishani, Ulaya, Marekani na Japani, linauzwa kwa mamilioni. Huku kwao, katika misitu, aina zake kadhaa ziko hatarini kutoweka kwa sababu vivuli vinakatwa.

Niliwauliza wanafunzi 36, wote wazaliwa wa Tanga au waliokulia Tanga: nani amewahi kuliona ua hili? Hakunyoosha mkono hata mmoja. Na mwalimu wao pia hakuwahi. Mimi ni mhitimu wa chuo kikuu. Ua limetoka hapa likafika Japani, sisi tuliozaliwa nalo hatujapanda gari la saa tatu kwenda kulitazama. Alilosema yule baba kwa mzaha ndilo tulilolifanya sisi sote kwa vitendo.

TANO: KUONEKANA

Sababu ya tano ndiyo niliyokwenda nayo mimi. Ni kusafiri ili ijulikane kwamba umesafiri. Zamani ilikuwa ni kurudi na kanzu na saa, siku hizi ni picha katika simu, ambazo huwafikia watu kabla mwenyewe hajarudi. Hata Umra, ibada tukufu, tunawaona wengine wakiipeleka moja kwa moja mtandaoni, mkono mmoja uko kwenye dua na mwingine umeshika simu. Sitaki kumhukumu mtu, nia iko kifuani. Ninachosema ni kwamba sababu hii ina hila, huvaa nguo za zile nne. Unaweza kusema unafuata elimu, au mapumziko, au ibada, kumbe unafuata macho ya watu. Namna ya kuitambua ni kujiuliza swali moja: lau ningekatazwa kumwambia mtu yeyote kwamba nimekwenda, je, ningekwenda?

Mimi nilijiuliza, nikaona aibu.

BEI YA SAFARI

Kuna jambo jingine ambalo yule mzee alitufundisha. Baba yake alipoondoka Ubena alimwambia mama yake kwamba anakwenda msimu mmoja. Msimu ukawa miaka, akaoa huku, akazikwa huku. "Bibi yangu kule," alisema mzee, "nimesikia kwamba alikuwa akiweka chakula cha baba kila mwaka siku za mavuno, mpaka alipokufa." Wanafunzi wakanyamaza. Simu zote zilikuwa chini.

Ibn Battuta naye, katika safari ya kurejea kwao, alipofika Damascus mwaka 1348 alipata habari kwamba baba yake alikwishafariki miaka 15 kabla. Akaendelea na njia, na mwaka uliofuata, akiwa karibu kabisa kufika, akaambiwa kwamba mama yake naye amekufa katika tauni. Aliona nusu ya dunia, lakini wazazi wake hakuwaona tena.

Ndipo unapofahamu kwa nini Mtume (s.a.w), pamoja na kwamba yeye mwenyewe alikuwa msafiri na mfanyabiashara, alituambia kwamba safari ni kipande cha adhabu, inamzuilia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na kwamba mtu akishamaliza haja yake afanye haraka kurejea kwa ahali zake. Angalia neno haja. Anayejua haja yake hujua pia lini imekwisha. Asiyeijua hana siku ya kurudi. Na wahenga wetu wa pwani walikwishasema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

TUFANYE NINI?

Hivyo basi ndugu msomaji, napenda kushauri mambo matatu.

La kwanza, tutaje nia zetu kabla ya kufunga mizigo. Baba awaambie wanawe kwa maneno wazi: tunakwenda kijijini kumuona bibi, au tunakwenda Kilwa kuona msikiti mkongwe. Safari iliyotajwa sababu yake huwa na faida hata kama mvua itanyesha na gari litaharibika njiani.

La pili, tusiwaachie wengine safari za kuangalia. Hifadhi ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, ina zaidi ya hekta 8,000 za msitu ambao viumbe wake kadhaa hawapatikani popote duniani isipokuwa milima hii yetu. Watu wanapanda ndege saa kumi kuja kuiona. Madrasa na shule zetu zipange ziara, hata moja kwa mwaka, na watoto wapewe maswali ya kwenda nayo. Mtoto aliyeona chemchemi ikitoka chini ya mizizi, kisha akaambiwa kwamba maji ya bomba anayotilia udhu hapa Tanga yanatoka mto Sigi unaoshuka kutoka milima ile ile, hatahitaji hotuba ndefu juu ya israfu ya maji.

La tatu, turudi na kitu. Sisemi zawadi, ingawa zawadi ni nzuri. Turudi na habari, tuwasimulie waliobaki. Ilikuwa desturi ya Mtume (s.a.w) akirudi safari kuanza msikitini, akaswali rakaa mbili, kisha watu wakaja kumsalimu. Msafiri anarudi kwa Mola wake na kwa watu wake, hafungi mlango akalala.

Namalizia na yule baba wa Ngamiani. Wiki mbili baada ya ziara alikuja shuleni. Nikadhani amekuja kulalamika. Akaniambia kwamba binti yake alipofika nyumbani alimuuliza swali: "Baba, babu alifuata nini Tanga?" Akasema, "Mwalimu, nina miaka 51. Babu huyo namjua kaburi lake tu. Najua alikuwa mkata mkonge, najua alitoka Kigoma. Kwa nini alikuja na nani alimwacha huko, sijui, na sikuwahi kuuliza. Na aliyekuwa anajua, shangazi yangu, tumemzika mwaka juzi."

Tukakaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza nauli ya treni kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma ni kiasi gani. Sikuwa naijua, nikamwambia nitamuulizia. Nimeshamuulizia, na nimempelekea jibu. Kama atakwenda au hatakwenda, hilo ni lake na Mola wake. Lakini mtu huyo, akipanda treni ile na njiani akaulizwa amefuata nini, hatakosa la kujibu kama nilivyokosa mimi.

Wabillahi tawfiq.